Mapacha njiti, arobaini na siku ya kliniki: nimsikilize nani?

"Daktari, shikamoo. Niko Tanga mjini, Makorora. Nimejifungua mapacha, Kulwa na Doto, mimba ikiwa na wiki 32, kwa sababu ya presha. Kulwa alizaliwa na kilo 1.6, Doto 1.4. Walilazwa wiki tatu, mwanzoni wakiwa kwenye oksijeni, na tumerudi nyumbani wiki iliyopita. Sasa wana wiki nne. Kwenye mzani wa mwisho Kulwa alikuwa na kilo 2, Doto 1.7. Nina tarehe ya kliniki Jumatano ijayo. Mama mkwe, ambaye ndiye anayenisaidia, anasema watoto hawatoki nje kabla ya arobaini, watapigwa na upepo na kuonwa na macho ya watu. Anataka na chanjo zisubiri mpaka wanenepe. Usiku anaweka jiko la mkaa chumbani wapate joto, na Doto akilia anamlambisha maji ya sukari. Lakini arobaini ikifika, ukweni wamepanga shughuli kubwa Pangani: akika, kunyoa nywele, na wageni wengi. Sitaki kugombana na mtu aliyenibeba kipindi hiki chote. Ila kila nikimtazama Doto naona amebaki nyuma. Nimsikilize nani?"

Marahaba, Mama Kulwa. Pole kwa uliyopitia, na hongera sana. Kuzaa mapacha kwa presha, kuwahudumia wodini wiki tatu na kurudi nao nyumbani wote wawili wakiwa wanaongezeka, hiyo ni kazi kubwa na umeifanya.

Nianze na majibu mafupi, maana mengine hayawezi kusubiri umalize kusoma. Jiko la mkaa litoke chumbani leo hii, na lisirudi. Maji ya sukari yaachwe. Jumatano uende kliniki na watoto wote wawili. Safari ya Pangani iahirishwe.

Sasa tuzungumze kwa utulivu, na tuanze na mama mkwe, kwa sababu hajakosea kwa kila kitu. Arobaini ya wazee wetu wa pwani imewalinda watoto wengi. Inampa mama nafasi ya kupumzika, na inamweka mtoto mbali na mikono na pumzi za watu wengi wakati kinga yake bado ni changa. Kwa mtoto njiti hoja hiyo ina uzito mkubwa zaidi. Kinachohitaji kurekebishwa ni mambo mawili tu. La kwanza, anayeleta maradhi si upepo wa nje bali ni watu: mwenye mafua, mwenye kikohozi, mwenye mikono isiyonawa. La pili, arobaini inahesabiwa kuanzia siku ya kuzaliwa, na watoto wako walizaliwa wiki nane kabla ya siku zao.

Hapo ndipo mambo mengi yanapochanganyika. Mtoto njiti ana umri wa aina mbili. Upo umri wa tangu kuzaliwa, ambao kwa Kulwa na Doto ni wiki nne. Na upo umri uliosahihishwa, unaohesabiwa kuanzia siku waliyotarajiwa kuzaliwa. Mimba kamili tunaihesabu wiki 40. Wao walizaliwa ya 32, wana wiki nne, kwa hiyo leo miili yao ni ya wiki 36. Siku ya arobaini itakapofika hawatakuwa wamefika hata wiki 38. Yaani shughuli ya Pangani imepangwa siku ambayo, kama si presha, wangekuwa bado tumboni mwako. Mweleze mama mkwe hivyo hivyo, kwa hesabu ya vidole. Nimeona bibi wengi wakibadili msimamo wakishaielewa hesabu hii, kwa sababu nia yao tangu mwanzo ni kulinda.

Zile wiki nane hazikuwa za kunenepa tu. Katika miezi ya mwisho ya mimba ndipo mtoto anapowekewa mafuta chini ya ngozi ya kumhifadhia joto, na anapochukua kwa mama akiba kubwa ya madini ya chuma. Kinga zako wewe pia hupita kwenye kondo la nyuma kwenda kwake kwa wingi zaidi wakati huo. Uwezo wa kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio bila kupaliwa hukomaa kuanzia kama wiki ya 34. Mishipa ya damu iliyo nyuma ya jicho humalizia kukua karibu na siku aliyotarajiwa kuzaliwa. Kwa hiyo mtoto njiti anayeonekana mzima kabisa nyumbani bado ana mambo ambayo macho ya mzazi hayawezi kuyaona, na kliniki ipo kwa ajili hiyo.

Nikiwa na lazima ya kuchagua jambo moja la kukusisitizia kuhusu Jumatano, nitachagua macho. Mtoto akizaliwa mapema, ile mishipa ya nyuma ya jicho inaweza kukua vibaya, na oksijeni nyingi huongeza hatari hiyo. Mishipa mibaya inaweza kuvuta pazia la ndani ya jicho hadi likabanduka, na mtoto akapofuka. Kwa nje jicho linaonekana safi, halitoi tongotongo, halina wekundu. Watoto waliozaliwa chini ya wiki 32 au chini ya kilo 1.5 ndio wanaopewa kipaumbele mahali pengi, na kwetu tunawaangalia hata wakubwa kidogo ya hapo kama walitumia oksijeni. Doto anaingia kwa uzito wake, Kulwa kwa oksijeni. Kipimo cha kwanza kinatakiwa wiki ya nne mpaka ya sita tangu kuzaliwa, na ninyi mko hapo sasa hivi. Tatizo likiwahiwa lina matibabu. Likichelewa wiki chache, nafasi hupita na hairudi. Basi Jumatano uliza kwa maneno haya: "Watoto wangu wamepimwa macho ya njiti?" Kama hawajapimwa, omba rufaa siku hiyohiyo. Kama kipimo hicho hakipatikani ulipo, waulize wakuelekeze kwa daktari bingwa wa macho, iwe hospitali ya KCMC Moshi au Muhimbili Dar es Salaam. Safari hiyo ni ndefu kwa watoto wadogo, lakini ni safari yenye sababu, tofauti na ya Pangani.

Mengine ya siku hiyo ni mepesi zaidi. Watapimwa uzito, urefu na mzunguko wa kichwa. Uliza pia kuhusu masikio, hasa kama wodini walichomwa sindano za antibayotiki kwa siku kadhaa, kwani baadhi ya dawa hizo zinaweza kugusa usikivu. Na uliza kuhusu dawa ya maji ya madini ya chuma. Njiti anayenyonya maziwa ya mama kwa kawaida huanzishiwa akiwa na wiki mbili hivi na kuendelea mpaka miezi sita. Dozi hupimwa kwa uzito, kwa hiyo Kulwa na Doto hawatakunywa kiasi sawa, na kiasi hicho kitabadilika wanavyokua. Usinunue dukani kwa kukisia. Chuma ikizidi ni sumu.

Kuhusu chanjo, hapa umri uliosahihishwa hautumiki. Chanjo hufuata siku ya kuzaliwa. Watatimiza wiki sita siku mbili tu baada ya arobaini, na siku hiyo wanastahili zao: ya pentavalenti inayozuia dondakoo, pepopunda, kifaduro, homa ya ini aina ya B na bakteria mmoja wa homa ya uti wa mgongo, pamoja na za polio, nimonia na kuhara. Ratiba itaendelea wiki ya 10 na ya 14. Ninaelewa hofu ya kumchoma sindano mtoto mdogo kiasi hicho. Lakini fikiri kinyume chake: hao ndio walioondoka tumboni kabla ya kupewa kinga yako yote. Kifaduro kinaweza kumfanya mchanga aache kupumua, na mwili mdogo ndio unaoshindwa mapema. Kungoja wanenepe ni kuwaacha bila ngao wakati wanapoihitaji zaidi. BCG, ile ya kifua kikuu inayochomwa begani, huenda iliahirishwa kwa sababu ya uzito. Tazama kadi ya kila mmoja, na kama nafasi hiyo iko wazi, uliza watachomwa lini.

Sasa Doto. Umeandika amebaki nyuma. Tuangalie namba zako mwenyewe. Watoto njiti hupungua kwanza, na huchukua kama wiki mbili kurudia uzito wa kuzaliwa. Baada ya hapo tunataka waongeze gramu 15 hadi 20 kwa kila kilo ya uzito, kila siku. Doto ameongeza gramu 300 juu ya kilo 1.4, na Kulwa 400 juu ya 1.6. Ukilinganisha na ukubwa wa kila mmoja, hawajaachana sana. Doto hajabaki nyuma sana, Mama Kulwa. Alianza mdogo na anapanda ngazi yake mwenyewe. Mlinganishe na mstari wake kwenye kadi, usimlinganishe na ndugu yake. Kwa uzito wake wa sasa anatakiwa aongeze kama gramu 25 mpaka 35 kwa siku. Akishuka chini ya hapo wiki nzima, hapo tutakuwa na la kuzungumza.

Hesabu hiyohiyo itakusaidia baadaye. Watoto wengi hutabasamu kwa makusudi karibu na wiki ya sita. Kwa wako tegemea kama wiki ya 14 tangu kuzaliwa. Kuketi, kutambaa, kusimama, vyote vitoe miezi miwili, na uendelee hivyo mpaka watimize miaka miwili. Jirani akisema "mbona wa kwangu wa umri huu alikuwa anakaa," utajua la kujibu.

Turudi kwenye jiko. Mama mkwe yuko sahihi kwamba watoto hawa wanahitaji joto kuliko wengine. Lakini mkaa unaowaka ndani hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo hukamata nafasi ya oksijeni kwenye damu. Madirisha yakifungwa usiku, inaweza kuwaua watoto na wewe pamoja, mkiwa usingizini. Moshi wa udi na ubani hauui namna hiyo, lakini unakera mapafu ambayo hayajakomaa. Wafukize nguo nje na kuzipunga kwanza, au muache kabisa kwa miezi hii.

Joto lao ni kifua chako, na bila shaka wodini walikufundisha kangaroo, yaani kumbeba mtoto kifuani ngozi kwa ngozi. Njia hii ilianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, hospitali ilipozidiwa na watoto na mashine za joto hazikutosha, na sasa Shirika la Afya Duniani linashauri ifanywe saa 8 mpaka 24 kwa siku. Wengi wakifika nyumbani huiacha, wakidhani ilikuwa ya hospitali. Endelea nayo mpaka wafike kama kilo 2.5, au waanze wenyewe kujinyonganyonga kukataa. Mtoto avae nepi, kofia na soksi tu. Mweke wima katikati ya matiti, kifua chake kwenye kifua chako, miguu imekunjwa kama ya chura, uso umegeuzwa upande mmoja. Mfunge kwa kanga, ukingo wa juu ukomee chini kidogo ya sikio, ili kichwa kishikwe na kidevu kisidondokee kifuani. Kidevu kikidondoka, njia ya hewa ya njiti hujikunja na kuziba kimyakimya. Waweza kuwaweka wote wawili, au Kulwa akae kwa baba na Doto kwako. Na mpe mama mkwe zamu yake. Kifua cha bibi kina joto lilelile, na nina imani atakuwa mtetezi mkubwa wa njia hii baada ya siku mbili.

Angalia pia upande wa pili: Tanga ina joto na unyevu, hasa kipindi cha kaskazi, na blanketi tatu zinaweza kumchemsha mtoto. Nunua kipimajoto, uwapime kwapani. Kawaida ni 36.5 hadi 37.5. Chini kidogo ya hapo, mweke kifuani na upime tena baada ya saa moja. Juu kidogo, mpunguzie nguo na upime tena. Usiku walale ndani ya chandarua chenye dawa.

Maji ya sukari yanajaza tumbo lisilobeba chochote, na nafasi hiyo ilikuwa ya maziwa. Tena utumbo wa njiti huvimba vibaya kwa urahisi ukiingiziwa kisicho maziwa ya mama. Asali, tende iliyotafunwa na gripu wota viko katika hukumu hiyohiyo. Kama familia inataka mtoto alambishwe tende, mzee amsomee dua, na tende isubiri. Doto akilia, mara nyingi ni njaa au anataka kubebwa. Wanyonyeshe kila baada ya saa mbili hadi tatu, usiku na mchana, na umwamshe akilala kupita muda: mfungue kanga, mbadilishe nepi, msugue nyayo. Ukiwanyonyesha kwa pamoja, Kulwa anayevuta kwa nguvu huyashusha maziwa ya matiti yote mawili, na Doto hupata bila kutoka jasho. Akichoka kabla hajashiba, kamua umalizie kwa kikombe kidogo kilichochemshwa, si chupa. Kwa joto letu, maziwa yaliyokaa nje zaidi ya saa nne yamwage.

Siku ya kliniki nendeni watatu wazima: wewe, baba, na bibi kama atakubali. Chukueni bajaji, siyo bodaboda wala daladala iliyojaa. Mtoto mmoja kifuani kwako, mwingine kwa baba, wote wamefungwa kikangaroo chini ya nguo, kofia kichwani. Njiani kila baada ya dakika chache tazameni uso na kidevu. Fikeni mapema, na mwambie nesi wa mapokezi kwamba mna mapacha njiti. Mara nyingi watawatanguliza. Kama mnangoja, ngojeni kwenye kibaraza chenye hewa, si kwenye mabenchi kati ya watoto wanaokohoa.

Kutoka nje kwa maana ya kupata hewa hakuna ubaya. Jioni jua likipoa, kaa nao barazani, au tembea nao mtaani wakiwa kifuani. Ikiwa jicho la watu linamsumbua mama mkwe, kanga iliyowafunika inatosha. Ninachoomba ni wanja usipakwe, kwani aina nyingine zina risasi, madini yanayodhuru ubongo. Wageni nao wawe wachache, wanawe mikono kwa sabuni, wasibusu, na mwenye mafua aonane na wewe dirishani. Soko, ukumbi wa harusi, msiba wenye watu wengi, viwe vya baadaye.

Kuhusu Pangani, njia mnazo. Mnaweza kuchinja Pangani siku hiyohiyo, watoto wakabaki Makorora. Nyama igawiwe, dua isomwe. Mnaweza kufanya kitu kidogo nyumbani, watu wa ndani tu, na nywele zinyolewe baadaye, maana kichwa kilichonyolewa hupoteza joto na wembe kwenye ngozi ile laini ni hatari. Au mngoje. Siku ya saba ilishapita mkiwa wodini, na wanazuoni wengi wanaruhusu akika ifanyike baadaye. Sheikh wenu atawathibitishia. Mimi ningengoja mpaka baada ya chanjo za wiki ya 10, watakapokuwa wamevuka siku waliyotarajiwa kuzaliwa kwa wiki mbili, na kama ukweni wana subira, wiki ya 14. Ni kama kilomita 50 tu, Pangani haihami. Mume wako ndiye awaeleze wazazi wake, usibebe wewe mzigo huo.

Yapo mambo ambayo hayangoji Jumatano wala mapambazuko. Mtoto akikataa kunyonya au akilegea asiamke vizuri. Akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika moja kamili akiwa ametulia. Mbavu zikiingia ndani au akikoroma kila pumzi. Akisita kupumua au midomo ikibadilika rangi kuwa ya bluu. Joto likifika 38 au likishuka chini ya 35.5, viganja na nyayo zikiwa na manjano, tumbo likivimba na akitapika kijani, kitovu kikiwa na usaha. Na degedege. Najua wapo wanaosema degedege halichomwi sindano. Kwa mchanga, degedege ni dalili ya maambukizi, sukari kushuka au tatizo la ubongo, na kila nusu saa ina thamani. Mfungeni kifuani mwende hospitali, Bombo au iliyo karibu zaidi, mkiendelea kumpa maziwa njiani kama anaweza kumeza.

Kama umeajiriwa, muulize afisa utumishi wako kuhusu likizo. Mapacha wanakupa siku 100 badala ya 84, na marekebisho ya sheria za kazi ya mwaka 2025 yamempa aliyejifungua njiti muda wa nyongeza mpaka zile wiki 40 zitimie.

Mwisho ni wewe. Presha iliyokuzalisha mapema inaweza kukaa wiki kadhaa baada ya kujifungua. Kichwa kikiuma sana, macho yakiona ukungu au maumivu yakikushika chini ya kifua upande wa kulia, nenda siku hiyohiyo. Na kama unalia bila sababu, au hulali hata watoto wakilala, mwambie nesi, wala usione aibu, linatibika. Jumatano usitoke pale kabla na wewe hujapimwa presha.